Haki ya Mtungaji Asiyejulikana



Mwezi uliopita ukurasa huu ulizungumza juu ya adabu ya mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Mwezi huu yanipasa niseme juu ya adabu ya mwalimu mbele ya mwanafunzi wake, kwani nimekosa katika jambo hilo, na kosa lenyewe lahusu kitabu. Nalieleza kwa kuwa naona nyumba zetu nyingi zimo katika kosa lilo hilo bila ya kutambua.

Miaka miwili na kitu iliyopita alinijia barazani, hapa Tanga, binti mmoja niliyemsomesha tangu alifu mpaka akahitimu. Alinipa shikamoo, akaketi penye mkeka, kisha akafungua mkoba akatoa kitabu chembamba cha kurasa 96, jalada la karatasi, kimebanwa kwa pini mbili.

"Maalim," akasema, "hiki nimekitunga mimi. Nimekipiga chapa kwa fedha zangu za upatu. Nakuomba ukisome, unambie."

Nikakishika, nikakigeuza nyuma na mbele. Nikaona ni hadithi ya kutunga. Nikaona jina la mtungaji ni la mtoto niliyemjua akilia kwa kupoteza juzuu yake. Wala sikuona jina la kampuni kubwa ya vitabu, ila jina la duka la kupiga chapa la mjini. Nikampa shilingi 5,000, ndiyo bei aliyoitaja, nikamwombea dua njema, akaenda zake. Kitabu nikakiweka juu ya kabati, na juu yake zikawekwa stakabadhi za maji na umeme.

Nakiri mbele yenu kwamba sikukifungua. Kila nilipokutana na yule binti njiani niliharakisha salamu, nikichelea asiniulize. Naye kwa adabu yake hakuniuliza.

Masika yaliyopita nilishikwa na homa nikalala ndani siku sita. Siku ya nne, nilipokuwa siwezi kulala wala kutoka, mke wangu alikuwa akitafuta stakabadhi moja, akakiangusha kitabu kile kitandani. Nikakisoma, na adhuhuri haikuingia ila nimekimaliza.

Ni hadithi ya mjane wa mvuvi. Mumewe afa baharini, na kabla ya eda kwisha ndugu za marehemu wagawana ngarawa na nyavu, wakimwambia kwamba chombo ni mali ya ukoo. Ana watoto watatu. Aanza kuuza ng'onda mlangoni. Hajui kwamba yeye na wanawe wana fungu lao katika mali ile, na aona haya kuuliza. Na katika mtaa ule yumo mwalimu wa chuo ambaye kila Alhamisi huwafundisha vijana elimu ya mirathi kwa chaki na ubao, na kila siku hupita mbele ya mlango wa mjane akenda msikitini.

Mtungaji hakumtaja mwalimu yule kwa jina, wala sikuwa na haja ya kutajiwa. Nimefundisha mirathi zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo sikupata kumwuliza mjane yeyote wa mtaa wangu amepata nini. Kitabu kidogo cha mwanafunzi wangu kiliniuliza.

Lakini jambo lililonichoma zaidi lilikuwa ukurasa wa 71. Hapo jirani mwema amwambia mjane kwamba fungu la mke ni robo. Nanyi vijana mliosoma mirathi mwajua kwamba mke hupata robo pale mume asipoacha mtoto. Akiacha mtoto, fungu la mke ni thumni, yaani sehemu moja katika nane. Mjane wa hadithi ana watoto watatu. Kosa lile ni la mstari mmoja, nami ningaliliona mara ya kwanza, na penseli ingalitosha kulisahihisha. Kitabu kiliuzwa na kosa lake, kikaingia katika nyumba za watu, na huenda yuko aliyekiamini. Mtungaji aliniletea nikisome, na mimi niliyekuwa na elimu ya kumsaidia nilikifanya kizuizi cha stakabadhi.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha, binti akaja na sanduku la kadibodi kutoka chini ya kitanda. Alipiga chapa nakala 300. Alizouza na kuzigawa hazikufika 80. Zilizobaki, nyingine zililiwa na mchwa, nyingine zimeingia ukungu. Nikamwomba radhi. Nikamwonyesha ukurasa wa 71. Akautazama kwa muda, kisha akasema maneno ambayo hayanitoki moyoni: "Maalim, sikutaka kusifiwa. Nilitaka mtu mmoja tu anambie wapi nimekosea."

Basi, ndugu zangu, hilo ndilo nitakalo kulisema mwezi huu. Mtungaji mdogo, ambaye hana kampuni kubwa nyuma yake, ana haki juu yetu. Haki hiyo si kusifiwa bila sababu, wala kununuliwa kwa huruma. Haki yake ni kusomwa kwa uangalifu na kuambiwa kweli. Akiikosa, hupotea yeye, na sisi twapotewa na faida tusiyoijua.

Huenda msomaji akasema: "Vitabu vya maana huwa vyajulikana. Kisichojulikana hakina maana." Mimi nilikuwa nikidhani hivyo hivyo. Lakini tutazame watu tunaowaheshimu leo, walianzaje.

Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, akiwa mgonjwa. Hakuutunga kwa ajili ya soko. Alimtungia binti yake mmoja. Watu wakaunakili kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Na mwaka 1934, miaka zaidi ya 70 baadaye, ulipotolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na Alice Werner na William Hichens, ulitolewa na matbaa ndogo huko Medstead, Uingereza. Lau wale wanakili wa kwanza wangalisema kwamba huyu ni mwanamke wa nyumbani tu, ana nini la kusoma, leo tusingalikuwa nao.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891, alianza mwaka 1930 kwa karatasi moja iliyoitwa Sahifa, ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Ukadhi Mkuu wa Kenya aliupata baadaye, mwaka 1937. Maana yake ni kwamba waliosoma karatasi yake ya kwanza hawakumsoma Kadhi Mkuu; walimsoma mwalimu wa mjini mwenye karatasi moja. Alifariki 1947, na makala zake zilizokusanywa katika kitabu cha Uwongozi bado zasomwa; baadhi yake zilitolewa tena mwaka 2017 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Na hapa kwetu Tanga, mzee wetu Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 akafariki 1962, ambaye leo kila mtoto wa shule alijua jina lake, hakuwategemea wachapishaji wa nje peke yao. Alijitolea baadhi ya vitabu vyake mwenyewe hapa hapa Tanga. Na kitabu chake cha Siku ya Watenzi Wote kilitoka mwaka 1968, miaka 6 baada ya kufa kwake. Fikirini jambo hilo. Mtungaji mkubwa kupita wote wa lugha yetu hakukiona kitabu chake kikiwa kimepigwa chapa.

Hali kadhalika marehemu Ben R. Mtobwa (1958–2008), ambaye vijana wa rika langu walizipenda riwaya zake za upelelezi, hakungoja kampuni ya mtu mwingine, bali alianzisha Heko, akawa mtungaji na mchapishaji kwa pamoja. Na katika miaka ya karibu watungaji wa riwaya wa Tanzania walijiunga katika umoja wao, UWARIDI, yaani Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, ili wasihangaike kila mmoja peke yake.

Yawapasa vijana kujua pia kwamba kazi ya kuvitafuta vitabu na kuvijulisha kwa watu ni kazi ya heshima ya tangu zamani katika miji ya Kiislamu. Katika Baghdad walikuwako warraqun, watu waliokuwa wakinakili vitabu na kuviuza. Mmoja wao, Ibn al-Nadim, ambaye baba yake pia alikuwa wa kazi hiyo, alitunga mwaka 377 wa Hijra, yaani 987 au 988, kitabu kiitwacho al-Fihrist. Humo aliorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua, akavigawa katika milango kumi mikubwa: vitabu vya Mwenyezi Mungu na elimu za Qurani, nahau, tarehe, mashairi, ilmu ya kalam, fiqhi, falsafa, hadithi za kubuni, madhehebu na dini za watu wengine, mpaka kemia ya zamani.

Tazameni kwamba hakuzibagua hadithi za kubuni. Alizitaja hata zile za Kiajemi ambazo ndizo asili ya Alfu Lela Ulela, na alizitaja ilhali yeye mwenyewe hakuzipenda. Aliziona hazina ladha, akasema hivyo. Hiyo ndiyo insafu ya msomaji: kukitaja kitabu, na kusema rai yako juu yake. Vitabu vingi alivyovitaja vimepotea kabisa, na tusingalijua kwamba vilikuwako lau yeye asingaliandika majina yao.

Na kwa wale wanaofikiri, kama nilivyofikiri mimi, kwamba hadithi ya kutunga haistahili kuwekwa katika nyumba ya watu wa dini, nawakumbusha Maqamat za al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Ni hadithi za mtu mjanja wa maneno, na wanavyuoni wamezisoma, wamezisherehesha na wamezihifadhi karne kwa karne kwa ajili ya lugha yake. Uongo ni kumwambia mtu jambo ili alisadiki nalo si kweli. Hadithi ambayo msomaji ajua kuwa ni ya kutunga, na ndani yake mna mafunzo, ni mfano. Kinachotazamwa ni kilichomo.

Sasa tuje kwenye matendo. Wengi huniambia: "Maalim, twataka, lakini vitabu vipya tutavionea wapi?" Ni kweli kwamba kitabu cha mtungaji mdogo hakitakuja kukugongea mlango. Duka la vitabu aghalabu huweka mbele vitabu vya shule, kwa kuwa ndivyo vinavyonunuliwa kila Januari. Basi fanyeni hivi.

Kwanza, muulizeni muuza vitabu swali jingine. Badala ya kumtajia kitabu ukijuacho, mwulize: "Una kitabu gani kilicholetwa na mtungaji mwenyewe?" Aghalabu vitabu hivyo vimewekwa kwa mali kauli katika shubaka la nyuma au chini ya meza, naye hufurahi kuvitoa.

Pili, tazameni mahali ambapo watungaji wetu huuza kwa mikono yao: nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, katika mikusanyiko ya Maulidi, katika mahafali ya madrasa na shule, na penye stendi za mabasi. Kijitabu cha fiqhi ya safari au cha mashairi kilichopangwa juu ya kitambaa chini ya mwarobaini chaweza kuwa na faida kuliko kitabu cha jalada la dhahabu.

Tatu, ziandikeni habari za tuzo. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa hapo mwanzo Mabati-Cornell iliasisiwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 2023. Katika tuzo za namna hii hutokea majina ambayo watu hawajapata kuyasikia. Yaandikeni majina hayo siku yanapotangazwa, kwa sababu baada ya wiki moja magazeti huyasahau.

Nne, jifunzeni kuusoma ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Watu wengi huuruka. Hapo huandikwa mwaka, mahali, na nani aliyekitoa, na pia ile namba ndefu ya utambulisho wa kitabu ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13. Mkiona yaanza 978 kisha 9976 au 9987, jueni kitabu kilisajiliwa Tanzania. Mkiona 978 kisha 9966, ni Kenya. Kitabu kisicho na namba si kibaya kwa sababu hiyo, lakini ni kigumu kuagizwa na duka au maktaba. Mkimjua mtungaji ambaye bado hajapiga chapa, mshaurini aombe namba hiyo kwanza.

Tano, watungaji wengi wa leo huanza katika simu, wakitoa hadithi sura kwa sura. Wazazi wasikasirike tu kumwona kijana ameinamia simu. Waulize wasoma nini, na kama ni kitabu cha mtu anayejitahidi, wakisome pamoja.

Baada ya kukipata kitabu, hapana budi kukipima. Udogo wa mtungaji hauhalalishi makosa yake, kama ukubwa wa mwingine usivyoyahalalisha. Na kila aina ya kitabu ina kipimo chake.

Kitabu cha dini, tazama kwanza mtungaji alisoma wapi na kwa nani, na kama ataja asili ya maneno yake. Asemaye kwamba jambo ni Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, bila ya kusema imepokewa na nani na imo katika kitabu gani, usimchukue mpaka umwulize mwenye elimu. Riwaya, soma kurasa kumi za mwanzo ukiwa umesimama dukani. Kama watu wake hawasemi kama watu wasemavyo, basi kirudishe mahali pake. Mashairi, yasome kwa sauti, sikio litakwambia kama vina na mizani vimekaa au vimelazimishwa. Kitabu cha watoto, msomee mtoto. Akikwambia "tena," hiyo ndiyo shahada yake. Kitabu cha tarehe ya mji au ya ukoo, tazama kama mtungaji ataja miaka na ataja aliowauliza, au yote ni "yasemekana."

Na kitabu cha dawa na maradhi, hapa nawaonya kwa mkazo. Vijitabu vya matibabu ni vingi, na baadhi yake vyaahidi kuponya kila ugonjwa. Mtu asiache dawa ya hospitali kwa sababu ya kijitabu, kiwe kimeandikwa na nani. Sukari na shinikizo la damu haziondoki kwa kuacha vidonge. Kitabu kinachomwambia mgonjwa aache dawa bila kumwuliza tabibu, hicho msikipe nafasi nyumbani kwenu.

Liko pia jambo la haki za watu. Mtungaji mkubwa ana mshahara au kampuni. Huyu mdogo amelipa mpiga chapa kwa fedha za upatu, au za mavuno, au za cherehani. Kununua nakala moja na kukipiga picha kurasa zote kwa simu, kisha kuzitawanya kwa watu mia, ni kumnyang'anya jasho lake, hata kama nia ilikuwa kueneza kheri. Kuazimana nakala moja nyumba kwa nyumba hakuna ubaya, ndivyo vitabu vilivyoishi siku zote. Na mtungaji akikuzawadia nakala, zawadi hiyo ina deni ndani yake: uisome.

Kwa nyumba zetu napendekeza mambo matatu, ambayo sasa nayafanya mimi mwenyewe. Moja ni usiku mmoja katika wiki, baada ya Isha, kitabu kimoja kisomwe kwa sauti, mkubwa na mdogo wakipokezana. Nyumbani kwangu ni usiku wa Jumamosi. Mwanangu wa mwisho, ambaye shuleni wasema hapendi kusoma, hawezi kulala mpaka ajue mjane yule alifanya nini juu ya ngarawa.

La pili ni daftari la nyumba, Fihrist yenu ndogo. Andikeni jina la kitabu, mtungaji, mwaka, mlikopata, na rai yenu kwa mistari miwili. Kama hamkukipenda semeni, na semeni kwa nini. Daftari hilo litawafaa wajukuu wenu kuliko picha nyingi.

La tatu, na ndilo zito, mwandikieni mtungaji. Anwani au namba yake aghalabu imo kitabuni. Mtajieni jambo moja mlilofaidika nalo na jambo moja mliloona lina kosa, pamoja na ukurasa wake. Msiseme "kizuri sana" na kunyamaza. Neno hilo halimsaidii kitu. Na kosa lielezwe kwa siri na kwa upole, kama mtakavyo yenu yaelezwe. Watungaji wetu wengi huacha baada ya kitabu kimoja. Aliyekosolewa hurudi na kutengeneza, lakini aliyenyamaziwa hajui hata kama amekosea.

Aya za mwanzo kumteremkia Mtume wetu zilikuja na amri ya kusoma, na zikataja kalamu. Kila siku nawafundisha watoto aya hizo, na kwa miaka miwili kalamu ya mwanafunzi wangu ilikuwa juu ya kabati langu nami siigusi.

Wasomaji wataka kujua mwisho wake. Tuliketi na binti yule, mama yake akiwapo, jioni tatu, tukakipitia kitabu chote kwa penseli. Tulipata makosa 43, mengi ya maandishi, na lile moja la ukurasa wa 71. Nakala zilizosalimika alizibandikia karatasi ndogo ya masahihisho, nami nikanunua kumi kwa ajili ya wanafunzi wangu wakubwa wa mirathi. Sasa somo la Alhamisi halianzi ubaoni. Laanza mlangoni kwa mjane, na maswali wanayoniuliza sijapata kuulizwa tangu nianze kusomesha. Vilevile nilimwendea mjane mmoja wa mtaa wetu, ambaye nilimswalia mumewe na nisiulize zaidi. Shauri lake sasa limo mikononi mwa wazee wa msikiti, nami sitasema zaidi, kwani ni lake.

Nilimwuliza binti kama atatunga tena. Hakunijibu. Lakini wiki iliyopita, nikiwa barazani, alinipigia simu akanisalimu, kisha akaniuliza: "Maalim, mtu akifa na ameacha mama, na binti mmoja, na ndugu ambaye hakuonekana miaka kumi, mali yake yagawanywaje?"

Nikamwuliza ni nani huyo aliyefariki katika mtaa wetu nisiyepata habari zake.

"Hajafariki, Maalim," akasema. "Yumo daftarini."

Nikaomba kalamu, nikamjibu siku ile ile.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.